Kabla ya kutugawia vifaranga, tufundisheni kuwalaza kuku

Naanza kwa kumwomba radhi msomaji aliyelifungua gazeti hili akiwa na kikombe cha chai mkononi. Jambo ninalokusudia kulizungumzia leo ni kinyesi cha kuku, na nimeshindwa kupata njia ya adabu zaidi ya kulitaja. Nilijaribu kutafuta maneno ya kulifunika, kisha nikatambua kuwa huko kulifunika ndiko kulikotufikisha hapa tulipo, ambapo mtu aweza kuhudhuria semina tatu za ufugaji, akala chakula cha mchana mara tatu na kurudi nyumbani na kofia tatu, bila ya kuambiwa hata mara moja kwamba kuku hunya pia usiku.

Naam, hunya usiku, tena sana. Na mahali kinapoangukia kinyesi hicho ndipo panapoamua kama mfugaji atauza kuku au atawazika.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwetu ni Vihiga. Huku kwetu kuku ni zaidi ya kitoweo. Mgeni aliyechinjiwa mbuzi bila kuonjeshwa kuku aweza kuondoka akinung'unika kwamba hakupokelewa. Firigisi ina mwenyewe, na mwenyewe hachelewi kuiulizia. Lakini tukiiweka mila kando, kuna hesabu pia. Mashamba yetu yamegawanywa baina ya ndugu, yakagawanywa tena baina ya wana wao, hata sasa aliyerithi robo ekari hujiona ana bahati. Ng'ombe amekosa malisho akauzwa. Mbuzi amefungwa kamba fupi asiyafikie mahindi ya jirani. Aliyebaki ni kuku, naye aghalabu ni mali ya mama: ndiye akiba yake, ndiye karo ya dharura, ndiye nauli ya kwenda hospitali usiku. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu kuku wa kienyeji zaidi ya milioni 30 katika nchi hii. Kwa hivyo mtu asidhani kwamba jambo hili ni dogo kwa sababu tu linanuka.

Nilipostaafu, nilifanya kile ambacho walimu wengi hufanya wakishapokea kiinua mgongo chao: nilijiona mkulima. Nilikuwa na kuku wakubwa 12 katika banda la udongo lenye paa la mabati. Nikanunua vifaranga 50 wa umri wa mwezi mmoja na kuwatia humo humo. Dirisha la banda nilikuwa nimelikomea mbao kwa kuhofia wezi. Fito za kulalia zilikuwa zimepita kutoka ukuta hadi ukuta, na chini yake ndipo nilipoweka sahani za chakula na chombo cha maji, kwa kuwa niliona nafasi hiyo ikikaa bure mchana. Ilikuwa mwezi wa Aprili, na yeyote anayeijua mvua ya Magharibi hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika wiki ya pili vifaranga wakaanza kujikunyata. Mbawa zilining'inia, macho yakafumba, na juu ya maranda nikaona damu. Nilikimbilia duka la dawa za mifugo, ambako kijana niliyemkuta aliniuzia chupa ya dawa ya mafua, kesho yake chupa ya pili, na siku ya tatu pakiti ya vitamini. Katika muda wa siku tisa nilizika vifaranga 31. Nasema nilizika, kwa sababu binti yangu alikataa katakata watupwe jaani, nami nikaona ana haki.

Hatimaye alikuja afisa wa mifugo wa nyanjani, mtu wa makamo aliyepanda pikipiki yake mwenyewe na kutumia mafuta aliyoyanunua mwenyewe. Sikumwona akimshika kuku hata mmoja. Aliinama, akachota maranda kwa kiganja, akayakamua kama mtu anayekamua nguo, na maji ya rangi ya kahawia yakamchuruzika kati ya vidole. Kisha akaniomba nichutame ndani ya banda, mlango ukiwa umefungwa, nivute pumzi na kuhesabu hadi 60. Sikufika 20. Nilitoka machozi yakinilengalenga.

“Mwalimu,” akaniambia, “ugonjwa haukuja wenyewe. Wewe umewalaza kuku chooni, na humo humo chooni ukawaandalia meza.”

Neno hilo liliniuma, na hadi leo linaniuma, kwa kuwa lilikuwa kweli tupu.

Hebu tutazame jinsi mambo yalivyo. Kuku tunayemfuga ni mzao wa kuku wa porini wa Asia ya kusini-mashariki, na ijapokuwa amekaa na binadamu kwa maelfu ya miaka, hajasahau kwamba usalama wake uko juu. Jua likitua hutafuta mahali pa kuinuka, akaushika ufito kwa vidole vyake, akatulia. Hapa petu karibu na ikweta usiku ni wa saa 12 mwaka mzima. Hiyo ni nusu ya maisha ya kuku akiwa amekaa mahali pamoja, juu ya sehemu ya sakafu isiyozidi upana wa sinia. Kuku mkubwa hutoa takriban gramu 100 za kinyesi kwa siku, na karibu nusu yake huiangusha akiwa kwenye ufito. Kuku 20 basi huangusha kama kilo moja kila usiku, na sehemu kubwa ya kilo hiyo, kiasi cha robo tatu, ni maji. Mfugaji hulikagua paa lake kila mvua ikinyesha ili aone kama linavuja, ilhali kuku wake wanamwagia sakafuni robo tatu ya lita kila usiku, masika na kiangazi.

Tena kuku hana mkojo wa peke yake kama ng'ombe. Ule weupe tunaouona juu ya kinyesi chake ndio mkojo wenyewe, na bakteria wakiupata penye unyevu huugeuza kuwa amonia. Amonia ndiyo iliyonitoa machozi. Mimi nilifungua mlango nikatoka. Kuku hukaa nayo hadi alfajiri. Huviharibu vinyweleo laini vilivyo ndani ya koo la pumzi, ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na vijidudu, na koo likishanyang'anywa ufagio wake, mafua huingia bila kubisha hodi. Hapo ndipo tunapoanza safari za kwenda kununua chupa.

Na ile damu? Ugonjwa wa kuhara damu, ambao wataalamu huuita koksidiosi, huletwa na vimelea visivyoonekana kwa macho. Kuku mkubwa aweza kuwa navyo tumboni bila ya kuonyesha dalili yoyote, kwa kuwa mwili wake umekwisha kuvizoea, huku akivitoa katika kinyesi. Vijiyai vya vimelea hao vinapoanguka huwa bado havina madhara. Vinahitaji joto, hewa na unyevu, pamoja na muda wa siku moja hadi mbili hivi, ndipo vinapopevuka na kuwa tayari kumwambukiza kifaranga atakayevidonoa. Namsihi msomaji asilipite jambo hilo mbio, maana ndicho kiini cha maneno yangu yote. Kinyesi kikiondolewa kila asubuhi, adui huondolewa angali usingizini. Kikiachwa hadi Jumamosi, ambayo ndiyo siku yetu ya jadi ya kufagia banda, huwa amekwisha kuamka, akala na kupata wajukuu. Mimi niliwatia vifaranga wangu pamoja na kuku wakubwa juu ya maranda ya wiki kadhaa, chini ya fito, penye maji na chakula. Ingekuwa mtihani, ningepata sufuri.

Dawa aliyoniandikia afisa yule ilikuwa ubao. Aliuchora kwa kijiti ardhini. Fito mbili za urefu wa mita mbili kila moja, sambamba na za kimo kimoja, kwani zikitofautiana kimo kuku wote hugombea ile ya juu. Kila kuku atengewe sentimita 20 hivi za ufito. Chini ya fito, kiasi cha sentimita 20, ulazwe ubao wa upana wa mita moja, unaochomoza mbele na nyuma ili pasiwe na kitu kitakachoangukia pembeni. Ubao wenyewe uwe kama sentimita 60 kutoka sakafuni, na chini yake viwekwe viota vya kutagia na nafasi ya kuparuria mchana. Viota vikiwa juu kuliko fito, kuku watalala humo na mayai yatachafuka. Basi. Banda likawa na ghorofa mbili, juu malazi na chini sebule.

Nilikuwa na mbao zilizosalia nilipojenga jiko. Juu yake nilipigilia bati bapa lililotokana na pipa kuukuu ambalo mafundi wa jua kali walilipasua na kulinyoosha, maana mbao tupu hunywa unyevu, na nyufa zake huwa makao ya utitiri. Bati la paa lenye mikunjo halifai hata kidogo. Nilianza na kipande kimoja, na kukikwangua ni adhabu. Fito nilizilainisha kingo zikawa za mviringo, unene wa sentimita tano hivi, ili kuku akae bila kuumia nyayo. Ule upofu wa dirisha niliuondoa na kuweka wavu wa chuma. Ubao wote ulinigharimu Sh1,400, nyingi zikiwa za fundi wa pipa. Kila asubuhi hukwangua kwa mwiko wa mwashi, nikanyunyiza jivu la jikoni, nikaenda zangu. Ni kazi ya dakika tano. Nimeipima kwa saa, kwani miaka mingi ya kengele za shule haimwachi mtu hivi hivi.

Yako manufaa ambayo sikuyatarajia. Kinyesi kilichoanguka juu ya maranda hupotea. Kilichoanguka juu ya bati hukaa wazi kama insha iliyoletwa kusahihishwa. Kuku aghalabu hurudi mahali pale pale kila usiku, kwa kuwa wana vyeo vyao na kila mmoja anakijua chake. Kwa hivyo nikiona jambo lisilo la kawaida huwa karibu nimjue mwenyewe. Kinyesi kigumu chenye kofia nyeupe ni salama. Kile laini cha rangi ya kahawia iliyoiva, chenye harufu kali, ambacho humshtua mfugaji mgeni, nacho ni salama kikitokea mara moja moja. Damu ni hatari. Majimaji ya kijani ni hatari, na huweza kuwa dalili ya kideri. Lakini kinachonitia hofu kuliko vyote ni mahali palipo tupu, kwani kuku asiyekunya hajala. Mara mbili nimewahi kumtenga kuku kabla hajaanza kujikunyata, na mara zote mbili wenziwe walisalimika.

Jambo jingine nalisema kwa aibu kidogo. Zamani kazi ya banda ilikuwa ya binti yangu, kila Jumamosi, asubuhi nzima, akiwa na jembe mkononi na leso imemfunika pua. Hakuna aliyemwuliza kama anaiweza, wala hakuna aliyewahi kuifikiria hewa aliyokuwa akiivuta. Sasa naifanya mwenyewe, na nimeigundua siri ambayo wanaume wenzangu hawataipenda: kazi tuliyoiita ya wanawake na watoto ilikuwa ngumu kwa sababu aliyelijenga banda hakuwa ndiye atakayelisafisha. Wazee wenzangu walinicheka kwa miezi miwili. Mmoja wao alinipa jina ambalo mhariri wa gazeti hili hatalichapisha.

Nisije nikaeleweka vibaya lakini. Ubao si mganga. Kideri, au mdondo kama wengine wauitavyo, huzuiwa kwa chanjo, nayo sharti irudiwe kwa vipindi kama afisa wa mifugo atakavyoagiza. Vifaranga wadogo ambao hawajajua kupanda fito hawafaidiki na ubao moja kwa moja, ingawa huwapunguzia uchafu wa wakubwa wao. Hao yafaa wawe na chumba chao. Na mwenye maelfu ya kuku wa mayai katika majumba marefu ana njia nyingine za kazi yake. Mimi nawazungumzia wenye kuku kumi, 20 au 50, yaani wengi wetu.

Najua pia litakuja lile swali. Nyanya zetu walifuga kuku bila ubao, bila chanjo, bila maneno haya yote, na kuku walikuwapo. Ni kweli. Lakini nyanya yangu hakuwafungia kuku wake 20 katika chumba kimoja kisicho na dirisha. Walilala chini ya ghala, wengine juu ya mparachichi, na boma lilikuwa na nafasi ya kutosha kwa jua na mvua kuyamaliza yale waliyoyaacha. Sisi tumeikata miti, tumeuza ghala, tumewafungia kuku ndani kwa kuogopa wezi na kwa kuogopa kesi za sukuma wiki ya jirani. Tumebadilisha maisha ya kuku yote, isipokuwa tumbo lake. Naye nyanya alipopoteza kuku wote kwa kideri, jambo lililotokea mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka, alisema ni upepo mbaya, akaanza upya na kuku mmoja wa kuomba.

Sasa nafika mahali palipoushika mkono wangu ukaichukua kalamu. Jirani yangu mmoja, mama mjane mwenye umri mkubwa kunishinda, aliandikishwa pamoja na akina mama wenzake katika mradi mmoja wa kuwainua wanawake. Siku ya siku yakaja magari, zikaja hotuba, na kila mama akakabidhiwa kuku wachanga 20, akapigwa picha akiwa na mmoja kifuani. Magari yakaondoka. Hakuna aliyemwuliza mama yule kuku wale watalala wapi usiku huo. Walilala mahali pekee palipokuwa na mlango wenye kufuli, nako ni jikoni. Na katika jiko hilo hilo, kando ya mafiga, ndimo wanamolala wajukuu wake watatu.

Nilifika huko baada ya wiki tano kuazima panga. Mdogo wa wale wajukuu alikuwa bado anatambaa. Alikuwa akitambaa juu ya sakafu ambayo kuku walikuwa wameamka nayo, akitia mkono kinywani kama watoto wote watiavyo. Nyanya yake akanieleza, kama mtu anayesimulia habari za mvua, kwamba mtoto amepelekwa zahanati mara mbili kwa kuhara. Mimi si daktari na sitasema kwamba kuku ndio waliomwugua. Lakini jambo lisilo na ubishi ni kwamba kinyesi cha kuku hubeba vijidudu kama vile Salmonella na Campylobacter, ambavyo huwaharisha watu, na ambavyo humwumiza mtoto mdogo kuliko mtu mzima. Kati ya wale kuku 20, wakati huo walikuwa wamebaki 11.

“Mama,” nikamwambia, “nipe kona ya kuni.”

“Unataka kuniondolea kuni zangu, Mwalimu?”

Nilimwambia kuni zitakaa chini. Tulipiga ubao juu ya rundo la kuni, fito moja tu ya mita mbili na nusu, bati la pipa chini yake, na ukingo wa mbao mbele ili kitu kisidondoke upande wa watoto. Jivu analo tele, kwani jiko halizimi. Ningependa kusema tuliwahamishia kuku nje, na hilo ndilo lililo bora. Watoto na kuku hawafai kulala chumba kimoja. Lakini nje kuna wezi na vicheche, na mama yule hana fedha za kujenga banda la kufuli. Kati ya lililo bora na lililopo, tulifanya linalowezekana. Sakafu ya jiko sasa hufagiwa asubuhi ikiwa kavu, na kinachokwanguliwa hutolewa nje kabla wajukuu hawajaamka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mradi kama ule haukuleta ubao. Sidhani ni ubaya wa moyo. Nadhani kifaranga hupendeza katika picha. Ana manyoya, analia, hukaa vizuri kifuani pa mheshimiwa. Sijapata kumwona kiongozi akikata utepe mbele ya ubao wa mavi. Watafiti wa KALRO kule Naivasha walitupatia kuku wa kienyeji aliyeboreshwa, anayekua upesi na kutaga kuliko wale wa nyanya zetu, nasi tunawashukuru. Lakini kuku huyo hula zaidi, na anayekula zaidi hunya zaidi. Wanaomgawa hutuletea kuku na mfuko wa chakula chake cha mwezi wa kwanza. Yale yatakayotoka upande wa pili huachiwa mama na wajukuu.

Kilimo na mifugo viko mikononi mwa serikali za kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kwa hivyo hakuna haja ya kupeleka malalamiko haya mbali. Ombi langu kwa kila kaunti, kila mbunge na kila shirika lenye nia ya kugawa kuku ni fupi. Aje kwanza mtu mmoja, usiku, na tochi, atazame mahali watakapolala. Na ikiwa fedha hazitoshi kwa yote mawili, basi badala ya kuku 20 mleteeni mama kuku 16 na ubao. Hesabu ya jirani yangu mmeiona: alipewa 20 bila ubao, akabaki na 11. Na yule afisa wa nyanjani mwenye pikipiki anunuliwe mafuta, maana somo lake moja lilinifaa kuliko semina zote nilizohudhuria.

Kuna upande wa mbolea, ambao labda utawavutia wale wasiojali kuku. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya viwandani ulipanda hadi zaidi ya Sh6,000, hata serikali ikaushusha kwa ruzuku hadi Sh3,500 mwezi wa Septemba, kisha hadi Sh2,500 mwaka uliofuata. Mwaka 2024 ikafichuka kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa ruzuku haikuwa mbolea ya kuitwa mbolea, na waziri wa kilimo wa wakati huo akajikuta akijitetea Bungeni dhidi ya hoja ya kumwondoa afisini. Wakati huo wote tulikuwa tukitupa mbolea yetu jaani, au tukiiacha ipae. Maana ile amonia inayowaunguza kuku koo ni nitrojeni ya mahindi inayotoroka kwa njia ya dirisha.

Sitaki kuwadanganya watu kwa hesabu za kupendeza. Ubao wa kuku 20 hukusanya kama kilo 365 kwa mwaka, ambazo zikikauka hubaki kilo 90 hivi, na ndani yake mna nitrojeni ya kilo tatu au zaidi kidogo. Mfuko wa CAN wa kilo 50 una kilo 13. Kwa hivyo ubao wangu haujaufukuza mfuko. Umepata robo yake. Lakini mfuko hauna yale mengine yaliyomo katika kinyesi: fosforasi, chokaa kidogo ambayo udongo wetu wa Magharibi wenye asidi huihitaji, na uhai unaoufanya udongo ushike maji. Ni sharti tu kisitiwe shambani kikiwa kibichi, kwani huunguza mimea. Mimi hukichanganya na majani makavu na mabua, nikakigeuza kila baada ya wiki mbili, na baada ya miezi mitatu hivi huwa mweusi, hakinuki, na mtu aweza kukishika kwa mkono. Sukuma wiki siipi kitu kibichi kutoka bandani kamwe.

Mwezi uliopita lundo langu liliisha kabla sijafika kwenye migomba ya chini. Nikaenda kwa jirani yangu na ndoo tupu. Nilimkuta nyuma ya jiko, akilifunika lundo lake kwa majani ya ndizi kwa uangalifu wa mtu anayemfunika mtoto. Nikamwomba ndoo moja. Alinitazama kama mtu aliyeombwa mkopo na mdeni wa zamani.

“Mwalimu,” akasema, “hii nimekwisha kumwahidi shemeji yangu. Lakini kwa kuwa ni wewe, ndoo ni hamsini.”

Nikalipa.